Maji ya Chokaa Si Maji ya Ndimu: Uhakiki wa Kamusi ya Kemia ya Simuni kama Marejeo ya Mwanafunzi

Utangulizi

Muhula uliopita tulikwenda kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha wilayani Rusizi, sehemu ambayo wengi wetu bado tunaiita Cyangugu kwa jina la mkoa wa zamani. Katika shule moja ya sekondari, si mbali na Kamembe, tuliketi nyuma ya darasa kumsikiliza mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu akifundisha mada ya sajili ya lugha ya kisayansi. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake ilisikika, na ubao aliugawa vizuri. Kisha akaandika sentensi hii: "Maji ya ndimu hugeuka meupe kama maziwa yakipulizwa kabonidioksidi." Wanafunzi arobaini na kitu wakainama kunakili.

Msichana mmoja wa safu ya mbele akanyosha mkono. "Mwalimu, nyumbani ndimu tunazo, mama anaziuza sokoni. Nikikamua nikapuliza kwa mrija, zitakuwa maziwa?" Darasa likacheka. Mwalimu wetu mwanagenzi akatabasamu, akatoa simu, akaitazama, akajibu kwa uhakika: "Ndiyo, kamusi inasema hivyo."

Baada ya kipindi tulimwomba atuonyeshe kamusi hiyo. Ilikuwa programu ya simu, kamusi ya kemia ya Kiingereza inayopatikana bure, ambayo wanafunzi wetu wengi wanayo. Makala hii inahakiki kamusi za namna hiyo kama chombo cha marejeo cha mwanafunzi wa Kiswahili anayejiandaa kuwa mwalimu. Jina la programu hatulitaji, kwa kuwa ziko nyingi zinazofanana kama mapacha, na tunayoyasema kuhusu moja yanazihusu karibu zote.

Kamusi yenyewe ilivyo

Tuanze na haki yake. Kamusi hii ni nyepesi, haihitaji intaneti baada ya kupakuliwa, na inafunguka hata katika simu ya bei nafuu. Mwanafunzi aliye Bugarama au Nkombo, mbali na maktaba yoyote yenye rafu ya sayansi, anaweza kuifungua usiku akitayarisha somo la kesho. Vidahizo vimepangwa kialfabeti, kuna sehemu ya kutafutia neno, na kuna jedwali la elementi ambalo ukigusa alama unapata namba ya atomi na uzito wake.

Faida ya pili ni upya. Kitabu kikishachapishwa kimefungwa, ilhali programu inaweza kurekebishwa. Elementi nne za mwisho kuingia katika jedwali, zile za namba 113, 115, 117 na 118, zilipewa majina rasmi mwezi wa Novemba mwaka 2016. Kamusi yoyote ya karatasi iliyotangulia mwaka huo haiwezi kuwa na majina hayo, lakini programu iliyotunzwa vizuri inayo.

Faida ya tatu ni uzani wa mkononi. Mwanafunzi ambaye asingebeba kitabu cha kurasa mia tatu ndani ya basi la kutoka Kigali hadi Kamembe, safari ya saa nyingi inayopita msitu wa Nyungwe, anabeba simu yake bila kufikiri. Marejeo yanayobebwa hutumika. Marejeo yaliyofungiwa kabatini ni pambo. Kauli hii itaturudia sisi wenyewe hapo mbele.

Kosa lilitoka wapi?

Tulipoisoma kamusi ile neno kwa neno tukiwa na mwanafunzi wetu, tuligundua kwamba fasili yake ya Kiingereza haikuwa na kosa. Ilisema kwamba maji hayo ni mmumunyo wa hidroksidi ya kalsiamu katika maji, na kwamba hutumika kupima kuwapo kwa kabonidioksidi. Ni kweli tupu. Ukipitisha gesi hiyo katika maji ya chokaa, chembe nyeupe za kaboneti ya kalsiamu hutokea na maji hufanana na maziwa.

Kosa lilitokea katika hatua ya pili. Kwa kuwa kamusi haina Kiswahili, mwanafunzi aliinakili fasili na kuipeleka katika programu ya tafsiri. Neno la Kiingereza "lime" lina maana mbili zisizohusiana: tunda la ndimu na chokaa. Mashine ikachagua tunda. Neno "solution" nalo lina maana ya mmumunyo na ya utatuzi wa tatizo, mashine ikachagua la pili. Hivyo katika daftari lake tulikuta maneno haya: "Maji ya ndimu ni suluhisho la hidroksidi ya kalsiamu." Kurasa mbili mbele tulikuta "msingi" mahali pa besi, "kuongoza" mahali pa risasi, na "fuko", yule mnyama mchimbaji wa ardhini, mahali pa moli.

Msomaji anaweza kucheka kama darasa lile lilivyocheka. Nasi tulicheka, lakini si kwa muda mrefu. Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki na ni makali kwa upande wa asidi. Maji ya chokaa yako upande wa pili kabisa, ni alkali. Mwanafunzi hakukosea kidogo kwa kutaja kitu kinachokaribiana na kile cha kweli. Alitaja kinyume chake, na wanafunzi arobaini na kitu waliandika kinyume hicho katika madaftari yao kwa kalamu ya wino.

Rusizi ni nchi ya chokaa

Jambo hili lingekuwa dogo zaidi mahali pengine. Lakini Rusizi chokaa si neno la kitabuni. Upande wa Bugarama, katika eneo la Mashyuza, kuna chemchemi za maji ya moto na kuna mawe ya travetini yaliyotokana na maji ya namna hiyo kwa muda mrefu sana. Maji ya chini ya ardhi hubeba kalsiamu iliyomumunyika pamoja na kabonidioksidi. Yakifika juu gesi hutoroka, na kaboneti ya kalsiamu hubaki ikiganda kuwa jiwe. Kwa maneno mengine, kinachotokea katika glasi ya maabara wakati maji ya chokaa yanapogeuka meupe kina undugu wa karibu na kilichojenga mawe ya Mashyuza: katika hali zote mbili kaboneti ya kalsiamu inatoka ndani ya maji na kuonekana kwa macho. Mawe hayo ndiyo malighafi ya kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilichoanza uzalishaji miaka ya 1980, na travetini iliyosagwa hutumiwa pia na wakulima kupunguza ukali wa udongo wenye asidi. Kwa Kinyarwanda kitu hicho huitwa ishwagara, na hakuna mkulima wa Rusizi asiyelijua neno hilo.

Sasa tazama hatari ilipo. Mwalimu wa Kiswahili anayehitimu kwetu hatabaki darasani peke yake. Atakuwa mtu wa kuombwa asome maandishi ya mfuko wa pembejeo, atafsiri tangazo la ushirika, amwandikie barua mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto Rusizi, kule Bukavu, ambako Kiswahili ndicho kinachonunua na kuuza. Akimwambia mkulima aweke ndimu katika udongo wenye asidi, amemwambia aongeze asidi juu ya asidi. Mkulima mwenye akili zake atamcheka na kuendelea na kazi yake, kwa sababu ishwagara anaijua kuliko mwalimu. Hasara itabaki kwa mwalimu na kwa Kiswahili, ambacho kitaonekana kuwa lugha isiyojua mambo.

Hata neno sahihi la chokaa halitoshi likiachwa peke yake. Kwa Kiswahili cha kawaida tunaita chokaa vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni jiwe lenyewe au unga wake, yaani kaboneti ya kalsiamu, ambao ni mpole na ndio unaotiwa shambani. Cha pili ni kile kinachopatikana jiwe hilo likichomwa katika tanuri kwa joto linalokaribia sentigredi 900 hadi kabonidioksidi yake itoke: oksidi ya kalsiamu, ambayo ikiguswa na maji huchemka na kuunguza ngozi na macho. Cha tatu ni hidroksidi ya kalsiamu, inayopatikana oksidi hiyo ikizimwa kwa maji, na ndiyo waashi wanayopaka ukutani. Mafundi wa pwani wamechoma mawe ya matumbawe kupata chokaa ya kujengea kwa karne nyingi, nao walijua kwa uzoefu tofauti ya iliyozimwa na isiyozimwa. Kamusi ya simu inavitenganisha vitu hivi vitatu kwa fomula, na hilo ni jema. Lakini katika ile tuliyoihakiki hakuna mahali paliposemwa kwamba cha pili kinaunguza. Mwanafunzi anapata fomula bila onyo.

Kasoro za kamusi ya simu

Tukiacha kosa la tafsiri, ambalo ni la mtumiaji zaidi ya chombo, kamusi hii ina kasoro zake yenyewe. Tunataja nne.

Kasoro ya kwanza ni kutokuwa na mwenyewe. Tuliitafuta sehemu inayotaja mhariri, chanzo au tarehe ya marekebisho, hatukuiona. Kitabu cha marejeo hujulikana kwa jina la aliyekihariri na mwaka wake, ili kikikosea tujue wa kumuuliza. Chama cha kimataifa cha kemia, IUPAC, kilichoundwa mwaka 1919, kina mkusanyiko wa istilahi ujulikanao kama Kitabu cha Dhahabu, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na ambacho sasa kinasomwa bure mtandaoni. Kila fasili yake inaonyesha ilikotoka. Programu isiyosema ilikotoka inamtaka mwanafunzi aiamini kwa sababu tu iko mkononi mwake.

Kasoro ya pili ni fasili zinazozunguka. Ukitafuta asidi unaambiwa ni kitu kinachomenyuka na besi kutoa chumvi na maji. Ukitafuta besi unaambiwa ni kitu kinachomenyuka na asidi kutoa chumvi na maji. Ukienda kwenye chumvi unaambiwa ni zao la asidi na besi. Anayejua anaelewa. Asiyejua amezungushwa mtaa mzima na kurudishwa mlangoni alikoanzia. Zaidi ya hayo, neno chumvi lenyewe linamdanganya, kwa kuwa anafikiri ni ile ya mezani tu, ilhali kwa mwanakemia hata mbolea ya salfeti ya amonia ni chumvi. Kamusi nzuri ingelisema hilo mapema kwa mfano mmoja.

Kasoro ya tatu ni mpangilio wa alfabeti usio na ngazi. Kemia ni somo la mfumo: huwezi kueleza ioni kabla ya atomi, wala chumvi kabla ya ioni. Kamusi ya kialfabeti inafaa kwa mtu anayekumbuka alichokisahau. Haimfai anayeanza. Wanafunzi wetu wa Kiswahili wengi waliiacha kemia katika kidato cha tatu walipochagua mchepuo wa lugha, hivyo wao ni watu wanaoanza.

Kasoro ya nne ni kutokuwa na mahali. Tulitafuta methani tukapata fomula, ukosefu wa rangi na harufu, na matumizi yake kama nishati. Yote ni kweli. Lakini mwanafunzi wa Rusizi amelala kandokando ya ziwa Kivu, ambalo vina vyake vina takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kabonidioksidi zilizomumunyika. Huko Karongi mradi wa KivuWatt, uliozinduliwa rasmi mwaka 2016, unaivuta methani hiyo na kuzalisha umeme wa takriban megawati 26. Na mwaka 1986 ziwa Nyos la Kamerun lilitoa kabonidioksidi ghafla na kuua watu zaidi ya 1,700, jambo linalowafanya wataalamu wayachunguze kwa makini maji ya Kivu. Hatuidai kamusi ya dunia nzima iseme habari za Kivu. Tunasema tu kwamba mwalimu anayesoma kamusi hiyo peke yake atafundisha methani kana kwamba ni gesi ya nchi ya mbali, na wanafunzi wake watatoka darasani bila kujua kwamba wanaiona kila siku ikiwa imefunikwa na maji.

Vipi kuhusu kamusi zetu?

Hapa tunatarajia msomaji aulize: kwani Kiswahili hakina kamusi ya kemia? Kinayo, na ina umri wa kutosha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo sasa ni TATAKI, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Miaka miwili baadaye ikatoka kazi ya Tumbo-Masabo na Mwansoko, Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili, inayoeleza misingi ya kuunda maneno ya namna hiyo. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, limeendelea kusanifu istilahi. Kwa juhudi hizo na nyingine za kabla na baada yake tunazo mmenyuko, mmumunyo, kimeng'enya, kichocheo, kiowevu, kukeneka na nyingine nyingi, ambazo mwanafunzi wetu angezikuta asingehitaji mashine.

Hata hivyo, haki ni haki. Kamusi ya mwaka 1990 nayo ina shida zake, na kubwa zaidi haimo ndani ya kurasa zake. Tume ya Rais ya Elimu nchini Tanzania iliyoongozwa na Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kamusi ya sayansi ikatoka wakati darasa ambalo lingeitumia kila siku halikuwapo, kwa kuwa sekondari ziliendelea kufundisha sayansi kwa Kiingereza. Istilahi zisizosemwa darasani hubaki kama nguo ya sikukuu: nzuri, lakini mwili haujaizoea. Sisi Rwanda, ambako Kiingereza kilifanywa lugha ya kufundishia kwa uamuzi wa mwaka 2008 na Kiswahili kikawa lugha rasmi kwa sheria mwaka 2017, tumeirithi nguo hiyo bila kujua ilishonwa kwa kipimo cha nani.

Shida nyingine ni kutopatana kwa istilahi. Elementi ya alama Na mwanafunzi ataikuta ikiitwa sodiamu katika vitabu vingi na natiri katika makala za Wikipedia ya Kiswahili. Kalsiamu ataikuta kalsi. Methani ataikuta pia metheni. Asidi ataikuta tindikali. Kila jina lina hoja yake. Natiri, kwa mfano, inaeleza vizuri kwa nini alama ni Na, jambo ambalo sodiamu haliwezi. Lakini mwanagenzi anayekutana na majina mawili bila maelezo hudhani ni elementi mbili. Kwa upande huu tunakiri kwamba kamusi ya simu ya Kiingereza inamtuliza mwanafunzi: kitu kimoja, jina moja.

Neno letu wenyewe

Sasa tunafika mahali ambapo uhakiki huu unapaswa kumgeukia mhakiki. Siku ile Rusizi tulimpunguzia mwanafunzi wetu alama kwa kosa la maudhui, na katika maelezo tukaandika kwamba alipaswa kutumia kamusi sanifu ya Kiswahili ya sayansi. Aliyasoma maelezo yetu kwa utulivu. Kisha akauliza kwa adabu, bila ukali: "Mwalimu, samahani. Hiyo kamusi mnayoisema, iko wapi?"

Tulinyamaza. Kamusi hiyo tunayo nakala moja, tuliyoinunua enzi za masomo yetu ya shahada ya uzamili, iko ofisini kwetu katika kabati lenye kufuli. Jalada limeachia na kurasa za mwisho zimeanza kutoka. Katika miaka yote tuliyofundisha, hatukuwahi kuipeleka darasani hata siku moja. Sajili ya kisayansi tuliifundisha kwa mifano ya hotuba na matangazo, tukiwaambia wanafunzi kwamba sayansi ina msamiati maalumu, bila kuwapa msamiati wenyewe. Mwanafunzi huyu alifanya tulilomwagiza, yaani kufundisha sajili hiyo, kwa chombo pekee alichokuwa nacho. Tulimhukumu kwa kutokuwa na kitu tulichokifungia.

Alama zile tulizirudisha baada ya kushauriana na mwenzetu aliyekuwa mkaguzi wa pili. Lakini tulimpa sharti: wiki iliyofuata arudi katika darasa lile lile, asahihishe sentensi mbele ya wanafunzi, na aonyeshe jaribio kwa macho. Alifanya hivyo. Alipata chokaa kidogo ya kupakia ukuta iliyokwisha kuzimwa kutoka kwa fundi mmoja wa jirani, mwalimu wa kemia wa shule akamsaidia kuikoroga katika maji, kuiacha itulie na kuyachuja maji ya juu. Msichana yule wa safu ya mbele akaitwa apulize kwa mrija, polepole, akionywa asivute. Maji yakageuka kama maziwa. Kisha, kwa kuwa hakuamini, msichana akapuliza katika glasi ya pili yenye maji ya ndimu aliyokuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani. Yakabaki vile vile. Mwanafunzi wetu akaandika ubaoni: "Maji ya chokaa hugeuka meupe. Maji ya ndimu hayageuki." Tumekagua vipindi vingi, lakini ni vichache tulivyotoka navyo tumeridhika kiasi kile.

Mwenzetu mmoja katika idara ametuuliza kwa nini tunajisumbua, ilhali kemia nchini haifundishwi kwa Kiswahili. Jibu letu ni hili. Ni kweli haifundishwi. Lakini chokaa, mbolea, dawa ya kunyunyizia kahawa na betri ya simu vinauzwa kwa Kiswahili kila siku kati ya Kamembe na Bukavu, na tangu mwaka 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, sote tumo katika jumuiya moja. Chukua mfuko wa mbolea ulioandikwa NPK 17-17-17. Kamusi ya simu itakuambia K ni potasiamu, na ni kweli. Haitakuambia kwamba zile 17 za mwisho ni asilimia zinazohesabiwa kwa oksidi ya potasiamu, wala kwamba zile za katikati zinahesabiwa kwa oksidi ya fosforasi. Mtu wa kumweleza muuzaji na mnunuzi jambo hilo kwa Kiswahili kinachoeleweka lazima atoke mahali fulani. Kama hatatoka katika idara kama yetu, sijui atatoka wapi.

Mapendekezo na hitimisho

Hatumshauri mwanafunzi aifute kamusi ya simu. Tunamshauri aitumie kwa masharti yafuatayo.

Kwanza, aipime kabla ya kuiamini. Kipimo chepesi ni maneno mawili. Atafute elementi ya 117. Asipoikuta na jina lake la tenesini, au jina linalokaribiana na hilo, programu haijatunzwa tangu mwaka 2016. Kisha atafute moli. Tangu tarehe 20 Mei 2019 moli imefasiliwa kwa idadi kamili ya 6.02214076 × 10²³. Kamusi inayoendelea kusema tu kwamba ni idadi ya atomi zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12 inatoa fasili ya zamani, na mwanafunzi ajue hivyo.

Pili, asipeleke fasili nzima katika mashine ya tafsiri. Asome Kiingereza, aelewe kitu chenyewe, kisha atafute istilahi ya Kiswahili neno kwa neno katika kamusi sanifu. Akikuta neno la Kiingereza lenye maana zaidi ya moja, aanze kwa kujiuliza kama ni kitu cha jikoni au cha maabara.

Tatu, kabla ya kuingia darasani amwulize mwalimu wa kemia wa shule ile ile. Swali la dakika mbili katika chumba cha walimu lingeokoa yote tuliyoyasimulia.

Nne, sentensi yoyote ya kisayansi atakayoiandika ubaoni aijaribu kwa jambo analolijua: ishwagara ya shambani, chokaa ya ukutani, maji ya moto ya Mashyuza, ziwa Kivu. Ikigongana na anayoyaona kwa macho, asimame kwanza.

Kwa upande wetu walimu, sharti ni moja. Kabati lifunguliwe. Kuanzia muhula huu nakala ile ya mwaka 1990, baada ya kushonwa upya jalada, itakaa juu ya meza ya idara, na kila kundi la mwaka wa tatu litatengeneza orodha ya istilahi mia moja za kemia, fizikia na biolojia zinazohitajika Rwanda, kila moja na kisawe chake cha Kinyarwanda na mfano kutoka wilaya anayotoka mwandishi wake. Orodha ya kwanza imeanza na herufi ya ch, na neno lake la kwanza ni chokaa. Mfano wake umeandikwa na mwanafunzi yule yule wa Rusizi. Tumeusoma, nao hauna kosa.